MREJESHO: Kodi ya F kwenye gitaa sasa inalia

Wakuu, ni mimi niliyelalamika kwamba kodi ya F kwenye gitaa (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), ile ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, inakwaruza tu, uzi wa pili hausikiki kabisa. Asanteni sana kwa majibu.

Kilichonisaidia zaidi ni kubana umbo hilo hilo kuanzia freti ya 5 (freti ni vile vyuma vilivyokata shingo ya gitaa), kisha kushuka taratibu hadi ya 1. Uzi wa pili ulikuwa unaangukia kwenye mkunjo wa kidole cha shahada. Nilipokisogeza juu kidogo na kukilaza ubavu-ubavu, ukalia. Na kumbe nyuzi za 3, 4 na 5 zinabanwa na vidole vingine, hivyo cha shahada kinahangaika na 1, 2 na 6 tu!

Aliyesema nikaze gumba, samahani mkuu, niliambulia maumivu. Kuvuta kwa uzito wa mkono ndiyo dawa.

Jaribio mlilonipa la kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni) nalo lilikuwa kweli: nikiiweka freti ya 1, kubana kunakuwa laini ghafla. Kumbe nyuzi zilikaa juu mno pale kichwani, fundi akazishusha.

Kodi ya Bm, nayo ya kulaza kidole, bado inanitesa, uzi wa kwanza unazimika. Na nikitoka C kwenda F bado nachelewa pigo.