Binti yangu anataka baleti iwe kazi yake. Nimruhusu?

Mama Zawadi:
Wanajamvi, hamjambo. Binti yangu ana miaka 15 na amecheza baleti, ile dansi ya jukwaani ya kusimama kwa ncha za vidole, hapa Nairobi tangu akiwa mdogo. Mwalimu wake anasema ana kipaji cha kwenda kusomea Ulaya, na amemtajia mashindano ya Lausanne kule Uswisi, ya vijana wa miaka 15 hadi 18. Tangu hapo nyumbani hakuna habari nyingine. Nimemtazama jukwaani nikalia mbele za watu. Lakini pia naviona vidole vyake akivua viatu: malengelenge, kucha nyeusi. Baba yake anauliza, kazi inayoisha mtu hajafika miaka 40 ni kazi gani? Nishaurini.

Dada wa Berlin:
Shikamoo Mama Zawadi. Nilicheza kwenye kampuni moja ya baleti huku Ujerumani, sasa nafundisha. Saa nne asubuhi kila mtu, nyota na mgeni, yuko darasani ameshika ile fimbo ya ukutani ya kujishikilia. Kisha mazoezi hadi jioni, na siku ya onyesho unafika kwako usiku wa manane. Vile viatu vya kusimamia vidole ncha yake ni vitambaa na karatasi vilivyogandishwa kwa gundi. Jasho huilainisha, na anayecheza nafasi kubwa anaweza kumaliza jozi nzima usiku mmoja. Kampuni kubwa huwanunulia wachezaji wake, ila mwanafunzi mara nyingi hununuliwa na mzazi. Sisi weusi tulikuwa tunavipaka vipodozi vifanane na ngozi. Freed wa London, watengenezaji wa viatu hivyo, pamoja na Ballet Black, kampuni ya Uingereza ya wachezaji weusi na wenye asili ya Asia, walianza kutoa vya kahawia na shaba mwaka 2018, na siku nilipovaa vyangu nilijitazama kiooni muda mrefu.

Pamoja na hayo yote, okestra inapoanza na wasichana zaidi ya ishirini mnainua mkono kwa pumzi moja bila kutazamana, uchovu wa wiki nzima huusikii. Sijapata kazi nyingine yenye raha hiyo.

Muuguzi Eldoret:
Mama, muulize mwalimu kuhusu chakula kabla ya kipaji. Msichana akifanya mazoezi mengi na kula kidogo, hedhi hukoma na mifupa hudhoofika, ndipo mifupa ya miguu huanza kupata nyufa. Akikosa hedhi miezi mitatu mpeleke hospitali. Asije mtu akakwambia ndivyo wachezaji walivyo.

Baba Neema:
Mzee mwenzangu, baba wa binti, ana hoja. Wachezaji wa baleti wa Opera ya Paris hustaafu na miaka 42 kwa pensheni, na serikali ilipotaka kuigusa, Desemba 2019 waligoma wakacheza nje kwenye ngazi za jumba lao. Kwingine wengi hawana kinga hiyo. Lakini njia ipo: Joel Kioko alitoka Kuwinda, hapo hapo Nairobi, akafika English National Ballet School, shule ya baleti ya London. Tafuteni ufadhili, msiuze shamba.

Mama Zawadi:
Asanteni sana. Baba yake amesoma yote, na Jumamosi tunaenda kwa mwalimu pamoja. Dada wa Berlin, masomo ya kawaida je?

Dada wa Berlin:
Ulizeni kabla ya kutia sahihi, mama, na mpewe kwa maandishi. Shule nyingine zina masomo ya sekondari humo humo, nyingine ni dansi tu. Niliyosoma mimi ilikuwa dansi tu; mtihani wa sekondari niliufanya nikiwa mtu mzima, baada ya goti kunisimamisha.