Mada: Ni "split hairs" au "split hares"?

Ndugu zangu, hamjambo?
Mwenzangu kazini aling'ang'ania ripoti yetu iitwe "rasimu ya tatu", mimi nikitaka "rasimu ya mwisho". Nikamwandikia: "Let's not split hares." Kompyuta haikupiga mstari mwekundu. Leo hanisemeshi. Nimekosea wapi?

Jibu:
Pole dada. "Hairs" na "hares" hutamkwa sawa, na yote ni maneno halali, ndiyo maana kompyuta ilinyamaza. Ila ulichoandika ni "tusipasue sungura". Ulitaka "split hairs", kupasua nywele, yaani kubishania tofauti ndogo isiyo na uzito.

Kosa ninaloliona zaidi kwetu ni "split hair", bila s. Tumezoea kwamba nywele za kichwa kizima ni "hair" tu, basi tunaiacha hivyo. Hapa anayesemwa ameshika unywele mmoja, na wembe mkononi, anataka kuupasua katikati, kisha ashike wa pili. Kiswahili kinatenga unywele na nywele. Kiingereza hapa kinategemea hiyo s. Usiweke "the", na usiandike "splitted": hata kwa jambo la jana ni "split". Kinachobishaniwa hufuata "over".

Picha ya unywele ni ya zamani. Katika tamthilia ya Shakespeare iliyochapwa 1598, Hotspur anasema kwenye mapatano yuko tayari kubishania hata sehemu ya tisa ya unywele.

Kuhusu ukali: kumwambia mtu "you are splitting hairs" ni kumwambia hoja yake haina uzito. Mimi hujisemea mwenyewe, "I don't want to split hairs, but", ndipo natoa hoja yangu. Na tofauti yenye uzito, kama tarehe ya mkataba, usiiite hivyo hata ikiwa ni ya siku moja. Nikuulize: ripoti yenu itarekebishwa tena?

Jibu:
Naongezea "nitpicking", yaani kuchokoa makosa madogo madogo. Haianzi na k. "Nit" ni yai la chawa, "knit" ni kufuma. Na wawili wakizozana nani afunge dirisha, hiyo ni "bickering". Hakuna anayepasua unywele hapo.

Jibu:
Asanteni sana. Ndiyo kaka, itarekebishwa, mkuu wetu bado hajaisoma. Kumbe mwenzangu alikuwa na hoja. Nimemwomba radhi, na juu ya ripoti nimeandika "rasimu ya tatu".