Kocha wa softiboli ya watoto: nilipie kozi ya cheti au ninunue glovu?

MwalimuWaJioni

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, matusi tuyaweke pembeni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Temeke. Nina mabinti wa miaka kumi hadi kumi na tatu ninaowafundisha softiboli, ule mchezo wa gongo unaofanana na besiboli, baada ya vipindi na Jumamosi asubuhi. Mchezo wenyewe niliucheza sekondari, ukocha nimeuokoteza hukohuko uwanjani na kwenye video nikipata bando. Vifaa: glovu sita zilizochoka, magongo mawili, na helmeti moja wanayopokezana. Asiye na glovu anakaa pembeni anarushiana mpira wa tenisi na mwenzake, na unamwona usoni kabisa kwamba hapendi.

Sasa kuna kozi ya ukocha imetangazwa, siku tatu, mwisho cheti. Ada ukijumlisha na nauli na kula inakaribia laki mbili. Mwalimu mkuu anasema cheti kitamrahisishia kunitetea kwa wazazi na kwa afisa michezo. Mume wangu anasema hizo ni glovu, tena na chenji inabaki. Kwa kocha wa watoto, anayejitolea, asiyelipwa hata soda, cheti kina faida? Natanguliza shukrani.

Kiroboto wa Manzese

Dada yangu, cheti hakidaki mpira. Nafundisha vijana soka la mchangani miaka nenda rudi, karatasi sina, na wapo waliopitia kwangu sasa wanakula mshahara kwenye timu za ligi. Kuna taasisi moja (siitaji) ilituita semina. Chai, chapati mbili, mhadhara, picha ya pamoja, saa nane mchana kila mtu ana cheti chenye muhuri mwekundu. Mpira wenyewe haukuguswa. Nunua glovu ulale.

BegaZima

Kiroboto, kwenye semina za chapati nakuunga mkono. Ila soka ya mchangani na softiboli usizipime kwa mizani moja.

Kazi yangu ni fiziotherapia, naona mabega. Kwenye softiboli mrushaji anarusha kwa chini, mkono unazunguka kama pangaboi, halafu mpira unaachiwa usawa wa nyonga. Watu wengi, makocha wakiwemo, wanaamini kurusha kwa chini hakuumizi, kwa hiyo binti mmoja mwenye kipaji anarushishwa mechi ya asubuhi, ya mchana na ya jioni. Si kweli. Mzigo unaoangukia sehemu ya mbele ya bega, pale kano ya msuli wa mkono inapojishikiza, ni mkubwa sana. Mtoto akianza kukushikia bega kwa mbele, au kasi ikapungua na mpira ukaanza kwenda juu juu, usimwambie akaze. Mtoe.

Mtoto wa miaka kumi na moja mifupa yake bado inakua. Kwa hiyo swali langu kwako, mwalimu, siyo kama kozi ina cheti. Omba ratiba yake. Je, kuna kipindi cha kurusha, uwanjani, mkufunzi akikusahihisha wewe mwenyewe ukiwa umeshika mpira? Kuna kipindi cha majeraha na huduma ya kwanza? Vikiwepo hivyo viwili, lipa. Ikiwa ni "falsafa ya ukocha" na "uongozi bora" siku tatu nzima, mume wako ana haki.

Halafu hiyo helmeti moja. Mpigaji na wakimbiaji wote walioko kwenye besi (vile vituo vya kukimbilia) wanatakiwa kuwa nayo. Mimi ningeanzia hapo kabla ya glovu.

Mbongo wa Ohio

Niko Marekani, binti yangu anacheza ligi ya watoto ya mtaani kwetu. Wengi mnadhani huku kila kocha ana leseni ukutani. Wapi! Makocha ni wazazi tu, mmoja fundi bomba, mwingine anauza bima. Mbinu za mchezo hakuna aliyewauliza wamesomea wapi.

Wanachobanwa nacho ni usalama. Kabla hujapewa timu wanachunguza rekodi yako ya jinai. Kisha unasoma somo la mtikisiko wa ubongo, maana majimbo yote yana sheria yake, Washington ikiwa ya kwanza mwaka 2009: mtoto akigongwa kichwani na kuonyesha dalili, anatoka siku hiyo hiyo na harudi mpaka mtaalamu wa afya aridhie. Somo lenyewe linatolewa bure mtandaoni na CDC, taasisi ya serikali ya huku ya kudhibiti magonjwa. Mwalimu, hilo unaweza kulisoma usiku wa leo, halikugharimu chochote zaidi ya bando.

Vyeti vya mbinu vipo pia, chama chao cha softiboli kinavyo kwa ngazi, lakini anayevifuata zaidi ni yule anayetaka kufundisha timu za ushindani.

Mama Shufaa

Mimi ni mzazi tu, nisemee upande wetu. Mwanangu akibaki shuleni mpaka saa kumi na mbili, sikuulizi cheti. Nataka kujua nani mwingine mkubwa yupo pale uwanjani, wanabadilishia nguo wapi, na mvua ikinyesha wanarudije nyumbani. Cheti hakiniambii tabia ya mtu. Kuna watu wana vyeti vya kila aina na mtoto wangu siwezi kuwaachia hata kwenda dukani.

Mwalimu, ukiwa na mwalimu mwenzio wa kike pale kila mara, na barua ya mwalimu mkuu yenye siku na saa, mimi nasaini.

Kiroboto wa Manzese

Mama Shufaa umemaliza. Uzi ufungwe 😂

MzeeWaBesi

Usifungwe, nimechelewa daladala.

Mwalimu, nikuulize kwanza: mrushaji wako anasimama umbali gani kutoka kwa mpigaji?

MwalimuWaJioni

Shikamoo mzee. Mita kumi na tatu na kidogo, kama ilivyo kwenye sheria.

MzeeWaBesi

Marahaba. Hapo sasa. Hiyo 13.11 ni ya wanawake wakubwa. Kwa watoto wa miaka kumi kushuka chini, Wamarekani wanatumia mita 10.67 na mpira mdogo wa mzingo wa sentimita 28. Miaka kumi na moja na kumi na mbili ni mita 12.19, na hapo ndipo unaingia mpira wa kawaida wa sentimita 30 na nusu. Besi hadi besi ni 18.29. Mabinti wako wadogo wanarusha mpira mkubwa kutoka mbali, ndiyo maana lazima wajikunje mgongo ili ufike. BegaZima atakwambia matokeo yake. Kata kamba, ifunge mafundo kwenye vipimo hivyo, kila siku unaitandaza tu.

Nimekupa hili bure, na kozi nzuri ingekupa mengi ya namna hii kwa siku moja badala ya kuyaokota mwaka mzima. Kwa hiyo mimi niko upande wa kusoma. Ila kuna mpangilio. Anza na vya bure: kanuni za shirikisho la dunia, WBSC, ziko kwenye tovuti yao, na wana masomo ya makocha mtandaoni. Kisha waandikie TaBSA, chama chetu cha besiboli na softiboli, uwaulize kama hiyo kozi iliyotangazwa wanaitambua. Wasipoitambua, cheti hicho afisa michezo ataishia kukisifia muhuri. Na fika Azania Sekondari pale kwenye uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, uangalie mazoezi. Ukitaka kumwona mtu anayejua kufundisha kudaka, simama nyuma ya uzio utazame miguu yake, siyo mikono.

Hao wanaokaa pembeni bila glovu, wafundishe Baseball5. Watano kwa watano, hakuna glovu, hakuna gongo, mpira wa raba unaupiga kwa kiganja. Uwanja ni mraba wa mita 21, besi mita 13, unaenea hata kwenye uwanja wa mstarini asubuhi. WBSC waliuanzisha 2017 na umeingizwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, kwa hiyo usiwaambie ni mchezo wa kusubiria zamu.

BegaZima

Mzee, hilo la mpira mkubwa lilinipita kabisa. Sahihi.

Kiroboto wa Manzese

Haya, mimi bado sijashawishika na karatasi, ila kamba yenye mafundo naiiba kesho kwa ajili ya penalti za watoto.

MwalimuWaJioni

Asanteni sana, sikutegemea. Nimewapigia waandaaji kuomba ratiba. Wamesema "itatolewa ukishalipia". Basi hela yao naishikilia kwanza. Somo la mtikisiko nalianza leo, mwalimu mwenzangu wa darasa la tano amekubali kukaa nami Jumamosi, na barua ya wazazi naiandika. Cheti nitakifuata kikiwa na kipindi cha kurusha ndani yake na TaBSA wakisema wanakijua.

Kwa sasa helmeti mbili, kinachobaki glovu. Kuna mtu kaniambia Karume kwenye mitumba zinapatikana. Nichague vipi?

MzeeWaBesi

Zinapatikana, ila nyingi ni za besiboli, mfuko wake mdogo, mpira wa sentimita 30 unachungulia. Nenda na mpira wako mkononi, uuingize humo na uubane kabla hujataja bei. Vuta kamba za ngozi kati ya vidole. Zikikatika mbele ya muuzaji, hiyo si yako. Na anayerusha kwa mkono wa kulia anavaa glovu kushoto, usije ukarudi na sita za mashoto. Una mashoto wangapi?

MwalimuWaJioni

Mmoja. Na ndiye mrushaji wangu.