Tuna hati ya shamba la Mau, lakini mizinga ya nyuki ya jirani ilikuwepo kabla yetu

MkulimaMau:

Habari zenu. Huwa nasoma tu humu, leo imebidi niandike.

Baba alihamia Mau Mashariki kutoka Kericho mwaka 1997. Alinunua ekari tano kwa mtu mwenye barua ya kugawiwa, akafyeka, akapanda viazi. Mwaka 2001 serikali ilipotoa hekta 35,301 za Mau Mashariki kwenye msitu wa hifadhi, nyumbani kulichinjwa mbuzi. Baadaye hati ikatoka. Makao yale yalisemekana yametengwa kwa Waogiek, wawindaji na warina asali wa msitu ule. Baba alijua hivyo tangu siku ya kununua, mimi nilikuja kujua ukubwani.

Jirani yetu wa upande wa juu ni mzee wa Kiogiek. Tulipofika alikuwa na mizinga minne ya magogo juu ya mtarakwa mkubwa uliosimama katikati ya zile ekari. Alikuwa akija jioni, anapanda kwa kamba na kitita cha majani yanayofuka moshi, anashuka na asali kwenye mfuko wa ngozi. Kila mara alimwachia mama kipande cha sega kwenye sahani. Mwaka 2003 baba akaukata mti ule, akapasua nguzo za ua. Mizinga aliishusha vizuri akaipanga kando ya njia. Mzee akaja na punda, akaibeba, hakusema neno. Tangu siku hiyo hajavuka lango letu. Tunaamkiana juu ya ua tu, na ua wenyewe ni ule mti wake. Mtarakwa hauozi, nguzo zingali imara.

Baba alifariki mwaka jana. Ndugu zangu wanataka tuuze, na mnunuzi yupo. Ile hukumu ya mahakama ya Arusha kuhusu ardhi ya Waogiek inatugusa sisi? Na tukiacha sheria, nikienda kwa mzee naanza na neno gani? Naenda na nini mkononi?

KaraniMstaafu:

Pole kwa msiba, kijana wangu. Nikujibu la sheria, hilo lingine sijui.

Aliyeshtakiwa ni serikali ya Kenya, si baba yako. Kesi ilianzia kwenye notisi ya Oktoba 2009 iliyowapa Waogiek siku 30 watoke Mau. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hiyo ya Arusha, iliamua kwamba haki yao ya ardhi ya mababu ilivunjwa, na ile hoja ya kuwa wao ndio wanaomaliza msitu ikatupwa. Hukumu ya fidia ikafuata tarehe 23 Juni 2022: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, milioni 100 kwa machungu, zote ziingie mfuko wa maendeleo ya jamii. Ardhi nayo ipimwe, iwekewe mipaka, wapewe hati ya pamoja. Kwa waliopewa vibali au mikataba ya kukodi ndani ya ardhi hiyo, mahakama ilitaka wakae chini na Waogiek wazungumze. Wakishindwa kuelewana, serikali iwafidie hao na ardhi irudi.

Shamba la kununua lenye hati ni jambo jingine, kwa hiyo tafuta wakili wa ardhi kabla hujashika senti ya mtu. Kumbuka pia Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inaitaja ardhi ya mababu ya wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Mnunuzi aambiwe yote haya waziwazi.

Usinielewe vibaya ukadhani kazi imekwisha. Novemba 2023, hukumu zote mbili zikiwa zimeshatolewa, watu walibomolewa nyumba Sasimwani, Narok.

ViaziVitamuVya08:

Sisi tulichomewa nyumba 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi, na hakuna aliyekuja hata na gunia la mahindi kutuambia pole. Leo wewe mwenye hati unalilia mti? Uzeni, mgawane, mzee atakufa na mizinga yake. Nimemaliza.

BintiWaMariashoni:

@ViaziVitamu, pole kwa yaliyowapata. Lakini usimzike mzee wa watu angali hai.

MkulimaMau, mimi ni Mwogiek. Umeandika mti ulikuwa katikati ya ekari zenu. Kwetu ardhi ni ya ukoo na imekwenda kwa urefu, inaanza chini na kupanda hadi juu mlimani, kwa sababu maua hayachanui wakati mmoja. Nyuki wakihama, na mzee anahama nao. Ekari zenu tano zilikaa katikati ya njia hiyo kama jiwe kooni.

Mkalenjin mwenzangu, hata lugha tunasikilizana, ndiyo maana inauma. Shuleni watoto wenu walituita Dorobo. Neno lenyewe ni la Wamaasai, maana yake maskini asiye na ng'ombe. Tume ya ardhi ya wakoloni, miaka ya 1930, ilipendekeza tusukumwe ndani ya makabila makubwa tupotelee humo, na ukitaka kuona lilivyofaulu nenda kaombe basari, ule msaada wa karo. Mwaka wangu wa kidato cha nne karani alisoma fomu, akaniuliza, "Mwogiek ni kabila gani tena?" Akaandika "wengineo". Basari sikupata.

Kuhusu kwenda: usibebe bahasha, atadhani umekuja kununua sahihi. Asali ya dukani ndiyo kabisa usithubutu! Nenda na mama yako, maana ndiye aliyekuwa akipokea lile sega. Msianze na hati wala Arusha. Arusha yenyewe iliombwa iamuru serikali itoe radhi hadharani, ikasema hukumu inatosha. Kwa hiyo huyo mzee neno "pole" hajalisikia kwa mtu yeyote. Anza na mti.

MkulimaMau:

Nimerudi. Jana jioni tulikwenda, mimi na mama. Mama alibeba sahani ileile, ya bati, ina ua jekundu lililobanduka. Hakuna aliyempangia.

Mzee aliitazama muda mrefu. Mama akamwambia, "Mti ule tuliukosea, na wewe tulikukosea." Hakujibu hilo. Alitukaribisha chai, akatuuliza viazi mwaka huu vikoje, akalalamikia baridi. Kaka yangu mkubwa alikuwa anapiga simu kila dakika kumi kuuliza kama "ameelewa".

Tulipoaga ndipo mzee akauliza, "Zilitoka nguzo ngapi?"

Sikujua. Nimeamka leo na umande nikazunguka ua wote nikizihesabu. Ni 46, na mbili zimelala chini ya banda la ng'ombe. Mnunuzi nimempigia nikamwambia asubiri. Kaka hanisemeshi. Saa kumi narudi kwa mzee kumpelekea hesabu yake.