Je, shabiki wa halingi asiyesafiri na timu yake ni bendera fuata upepo?

Hoja ninayoileta mezani ilizuka kazini kwetu, hapa Limerick, Ayalandi, wakati wa chai. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa kaunti hii, alisema kwamba mtu asiyekuwa tayari kutoka nyumbani kwake Jumapili moja kuifuata timu yake ugenini hana haki ya kuvaa rangi zake, na kwamba watu wa namna hiyo ni bendera fuata upepo: timu ikishinda wanajaa barabarani, ikifungwa huwaoni. Mwingine, mama mwenye watoto watatu, alimjibu kwamba wanaostahili lawama ni wanaopanga ratiba na viwanja, wala si wanaobaki nyumbani. Nimelifikiria jambo hili kwa muda, na naungana zaidi na yule mama, ingawa hoja ya yule wa kwanza ina sehemu ambayo siwezi kuikana.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, halingi ni mchezo wa jadi wa Waayalandi, wachezaji 15 kila upande, wanaopiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo ya mbao iliyo bapa mwishoni. Unasimamiwa na GAA, chama cha michezo ya jadi ya nchi hii kilichoundwa mjini Thurles mwaka 1884, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2018. Wachezaji wa kaunti hawalipwi mshahara. Anayeichezea kaunti ya Clare Jumapili huenda Jumatatu asubuhi akawa darasani anafundisha watoto wa Clare, na kwa kawaida mchezaji hanunuliwi kutoka kaunti moja kwenda nyingine. Kwa sababu hiyo shabiki naye amefungwa na ardhi alikozaliwa au anakoishi.

Hapo ndipo wengi wetu tuliokulia Tanzania tunapokosea tunapowahukumu. Simba au Yanga ikienda Mwanza au Mbeya inakuta mashabiki wake wakiisubiri hukohuko, kwa kuwa klabu hizo zina watu nchi nzima. Timu ya kaunti ya Waterford ikienda kaunti ya Cork haikuti Waterford nyingine inayoisubiri. Wasiposafiri watu wake wenyewe, haina wa kuipigia makofi. Ndiyo maana suala la kusafiri lina uzito mkubwa hapa, na ndiyo maana linaumiza mtu anapolaumiwa kwalo.

Tuitazame kalenda kwanza. Hadi katikati ya miaka ya 1990 ubingwa ulikuwa wa mtoano, ukifungwa mara moja msimu wako umekwisha, na mlango wa pili kwa waliofungwa ulianza kufunguliwa mwaka 1997. Wakati ule kaunti iliweza kuwa na mechi moja au mbili tu za maana katika kiangazi kizima, na familia ilikuwa na majuma mengi ya kujiandaa. Mwaka 2018 ukaja mfumo wa makundi: huku Munster, jimbo letu la kusini, kila timu kati ya tano hucheza mechi nne, mbili nyumbani na mbili ugenini. Kisha mwaka 2022 msimu wa kaunti ukatenganishwa na msimu wa vilabu, na fainali ya Ayalandi nzima, ambayo kwa miongo mingi ilichezwa Septemba, ikarudishwa nyuma hadi Julai. Mechi zikaongezeka na siku zikapungua.

Matokeo yake ni kwamba mzazi anaombwa atafute fedha za tiketi, mafuta na chakula kwa mechi nne katika majuma machache ya Aprili na Mei, na timu ikifanya vizuri ajiandae tena kwa fainali ya Munster na safari za Dublin. Mtu aliyekuwa akienda kila mahali wakati timu ilipocheza mara mbili kwa mwaka, akachagua sasa kwenda mara mbili kati ya sita, hajapunguza mapenzi hata chembe. Amesafiri kama alivyosafiri siku zote. Kilichobadilika ni hesabu tunayompimia, na sioni haki ya kumwita msaliti kwa hesabu ambayo hakuipanga yeye.

La pili ni mahali. Thurles, mji mdogo wa kaunti ya Tipperary, upo kwenye njia ya reli itokayo Dublin kwenda Cork, na uwanja wake wa Semple, unaopokea watu zaidi ya 40,000, unafikika kwa miguu kutoka kituoni. Mtu wa Limerick, Cork, Clare au Kilkenny anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kulipia chumba. Croke Park ya Dublin, yenye nafasi ya watu 82,300, ni fahari ya kila mchezaji, na sitamlaumu kijana anayeota kucheza pale. Lakini mwaka 2024 Cork na Limerick, kaunti mbili zinazopakana, zilikutana katika nusu fainali huko Dublin, na mashabiki wa Cork walisafiri takriban kilomita 260 kwenda kutazama mechi dhidi ya jirani zao. Mwaka 2018, nusu fainali ya Galway na Clare ilipoisha kwa sare Dublin, mechi ya marudiano ilichezwa Thurles. Kumbe inawezekana chama kinapotaka.

Katika jambo hili la mahali, Waterford ndiyo iliyotendewa vibaya kuliko wote. Mwaka uleule wa 2018, mfumo wa makundi ulipoahidi kila kaunti mechi mbili za nyumbani, uwanja wa Walsh Park ulionekana haufai, na “nyumbani” kwa Waterford kukawa Limerick kwa mechi moja na Thurles kwa nyingine. Watu wake walisafiri mara nne katika kundi lenye mechi nne. Na upande wa Leinster, jimbo la mashariki, Antrim ya kaskazini ilipokuwa katika kundi la huko misimu ya 2023 hadi 2025, shabiki wa Belfast aliyetaka kuifuata timu hadi Wexford alikata karibu kisiwa chote kutoka kaskazini hadi kusini, takriban kilomita 300 kwenda tu. Asiyekwenda huko Jumapili jioni wakati Jumatatu alfajiri yupo kazini, mimi simwiti bendera.

Sasa nifike kwenye sehemu ya hoja ambayo siwezi kuikana. Ushindi huwavuta watu. Limerick ilikaa miaka 45 bila taji, kuanzia 1973 hadi 2018, kisha ikachukua mataji manne mfululizo kuanzia 2020 hadi 2023, na wenyeji wenyewe wananiambia kwamba jezi za kijani mitaani siku hizi haziwezi kulinganishwa na zile za miaka ya ukame. Mwenzangu anakumbuka alivyosimama karibu peke yake kwenye mvua katika mechi za ligi za Februari, na uchungu wake ni wa kweli. Anastahili heshima ambayo waliokuja baadaye hawawezi kuinunua.

Hata hivyo Cork inaivuruga nadharia yake. Cork haijatwaa ubingwa tangu 2005. Mwaka 2024 ilifika fainali ikafungwa na Clare kwa pointi moja, baada ya muda wa nyongeza. Mwaka 2025 walirudi Dublin, wakaongoza kwa pointi sita wakati wa mapumziko, kisha Tipperary ikawafunga 3-27 kwa 1-18 (yaani magoli 3 na pointi 27 kwa goli 1 na pointi 18, goli moja likihesabiwa pointi tatu), wakiambulia pointi mbili tu katika kipindi kizima cha pili. Watu hawa hawakuwa wakifuata ushindi, maana haukuwapo wa kuufuata. Walifuata tumaini, tena tumaini lenye timu changamfu na viwanja wanavyovifikia.

Tumaini likikatika ndipo safari hukatika, na hilo ni jambo la kibinadamu. Waterford haijawa bingwa tangu 1959, ikapoteza fainali za 1963, 2008, 2017 na 2020, na katika misimu yote ya makundi kuanzia 2018 hadi 2025 (ukiacha 2020 na 2021, ambapo hayakuwapo makundi kwa sababu ya korona) haikuwahi kuvuka hatua hiyo. Wanaoendelea kuifuata timu hiyo nawavulia kofia. Wanaopumzika mwaka mmoja nawaelewa.

Kuhusu kutazama mechi kwa intaneti nitasema kidogo. GAA na shirika la utangazaji la taifa walianzisha huduma ya kulipia mwaka 2014 kwa ajili ya Waayalandi waliopo ng'ambo, na mwaka 2023 mechi kadhaa za ubingwa zikaanza kupatikana humo tu hata kwa waliopo nchini. Wapo wanaosema huduma hiyo inawafundisha watu kukaa kwenye makochi. Sikubaliani nao, kwa sababu mechi kubwa za Munster zilizorushwa kwa malipo zilijaza viwanja vilevile. Anayeumizwa na malipo hayo ni mzee aliyeifuata timu miaka 40 na ambaye sasa magoti hayamruhusu kupanda ngazi za jukwaa, wala hana intaneti ya kuaminika kijijini kwake. Huyo amesafiri vya kutosha, na mechi ilipaswa kumfuata yeye.

Mimi mwenyewe nilisafiri kwa mara ya kwanza kwenda Thurles kwa sababu ya mwaliko wa mfanyakazi mwenzangu, nikiwa sijui hata pointi zinahesabiwaje. Katika halingi mashabiki hawatenganishwi, hivyo nilijikuta kati ya rafiki yangu na mzee mmoja mwenye rangi za wapinzani. Mzee yule alinieleza kila adhabu iliyotolewa, hata zile zilizoiumiza timu yake, na wakati wa mapumziko akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Tangu siku hiyo nimeanza kuwajua watu wa nchi hii kwa namna ambayo miaka miwili ya kazi haikunipa. Kwa hiyo sidharau kusafiri hata kidogo. Nataka watu wengi zaidi wasafiri, na ninaamini kuwaaibisha hakutamtoa yeyote nyumbani.

Lingewatoa basi la klabu linalokusanya watu kijiji kwa kijiji, tiketi moja ya familia inayofaa msimu mzima, na nusu fainali za kaunti za kusini kuchezwa Thurles kila zinapokutana. Wanaopinga hili la mwisho husema kwamba mapato ya Croke Park ndiyo yanayorudi kujenga viwanja vya watoto vijijini, na hoja hiyo ni nzito. Ningependa kuwasikia wenye mtazamo huo, hasa mlio karibu na vilabu vya Galway na Wexford: katika kaunti zenu, mapato hayo yakilinganishwa na familia zinazoshindwa kufika Dublin, mizani inaelemea wapi?