Tupeane uzoefu: likizo za shambani Usukuma na kando ya Ziwa Victoria, ulifundishwa kazi gani?

Mama Kulwa Nyakato
Habari zenu wanajamvi. Shule zinakaribia kufungwa na nimeshaamua wanangu hawabaki hapa Nyakato, mjini Mwanza, kuangalia katuni mwezi mzima wa Juni. Upande wa Magu kuna mzee na mkewe, wakulima hasa, wana pamba, majaruba ya mpunga, viazi na ng'ombe, nao hupokea familia wakati wa likizo. Si hoteli. Mnafika, mnaonyeshwa pa kulala, asubuhi mnaingia kwenye kazi ya msimu huo. Juni ni kuchuma pamba, kupura mpunga na kukata michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vya kuanika, jioni kusaga mtama kwa jiwe na kusuka maziwa kwenye kibuyu. Desemba ni kulima kwa maksai, kupanda na palizi. Mnachangia chakula na kuwaachia wenyeji chochote kwa usumbufu.

Desemba tulikwenda. Mdogo aliongoza maksai kwa mbele, kaka yake akashika plau huku mzee akitembea pembeni. Mtoto alirudi anajua kila ng'ombe kwa jina na upande wake kwenye nira, maana maksai aliyezoea kulia ukimfunga kushoto mstari wote unakwenda kombo. Sijawahi kumwona ana hamu ya kueleza jambo namna ile.

Naomba mliokulia huko mtupe uzoefu. Kazi gani mlifundishwa, nani aliwafundisha, na mtoto wa mjini aanze na ipi?

Ngosha wa Misungwi
Mama Kulwa umenikumbusha mbali. Kwetu Juni ilikuwa pamba na hakuna kingine. Unasubiri umande ukauke, maana ukiichuma na unyevu inachemka ndani ya gunia na kuharibika. Unafunga mifuko miwili kiunoni, mmoja wa safi, mwingine wa fifi. Safi ni ile nyeupe isiyo na jani wala doa. Fifi ni ya njano, iliyoguswa na mdudu au mvua. Makapi ya vitumba yakikauka yanachoma chini ya kucha, na ukiwa mtoto unajifunza kuivuta pamba yote mara moja bila kugusa kapi. Huo ni ufundi, usidharau.

Usiku bibi anatuketisha kuizunguka chungu ya pamba, tunachambua tena kwa mwanga wa koroboi. Alikuwa akikuta jani kwenye fungu lako anakurudishia lote, hasemi neno. Siku ya mizani karani akiingiza mkono katikati ya gunia bibi anasimama wima kabisa, anajua hakuna kitu mle. Mbegu zetu zilitoka Ukiriguru, kwenye kituo cha utafiti wa pamba, na nyumba yetu ya bati ilitoka kwenye zile mbegu.

Kwa hiyo jibu langu: mtoto aanze na kuchambua safi na fifi. Amekaa, yuko kivulini, na anajifunza uaminifu wa kazi.

Binti Sengerema
Na kung'oa miti ya pamba baada ya mavuno na kuichoma ili funza asibaki shambani. Ule moshi naufahamu hadi leo.

Kijana wa Igoma
Samahani wakubwa, mimi nitasema tofauti. Mnasifia. Sisi wengine likizo ilikuwa adhabu. Unatoka shule umechoka, unakabidhiwa jembe alfajiri, ukikaa chini unachapwa fimbo ya ng'ombe. Shamba lote la mjomba tulilima sisi, pesa ya pamba hatukuiona, hata daftari. Leo mtu anatoa hela mfukoni ili mwanawe akalime shamba la mtu? Wakulima wa huko wamepata vibarua wa bure.

Mama Kulwa Nyakato
Mdogo wangu, pole kwa yaliyokupata, na sisemi hayakutokea. Lakini pale hakuna mtoto anayelazimishwa wala kupigwa, na mzazi yupo naye muda wote. Akichoka anakwenda kivulini. Wanangu wakipanda tuta moja, mzee analipitia upya jioni, ni kumpotezea muda. Ndiyo maana tunamwachia chochote. Sioni kibarua hapo.

Kijana wa Igoma
Basi iitwe matembezi. Msiiite kazi.

Mzee wa Kisesa
Vijana, mwangaluka. Niwape jambo moja ambalo nyote mmelipita. Kazi ya shamba Usukuma haikuwa ya mtu mmoja na jembe lake akinuna. Ilikuwa ya kundi na ngoma. Bugobogobo ni ngoma ya wakulima, majembe yanarushwa na kudakwa kwa mdundo, na mdundo ule ndio uliosogeza mstari mbele. Mpiga ngoma akizembea shamba linalala. Mwenye shamba anapika, watu wanalima kwake leo, kesho kwa jirani. Aliyelimishwa kwa fimbo peke yake alinyimwa nusu ya kazi yenyewe, na Kijana wa Igoma ana haki ya kuwa na uchungu.

Mama Kulwa, ukiwa na watoto mwezi Juni pitisha kwanza Bujora hapa Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Sherehe za ngoma za Bulabo huwa kipindi hicho, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji, wanashindana. Mtoto akiona majembe yanachezwa ndipo umpeleke akayashike.

Ngosha wa Misungwi
Wabeja, guku. Asante babu, umemaliza.

Mkara Halisi
Wasukuma mnajisifu na mashamba yenu mapana. Njooni Ukara muone kulima. Kisiwa kidogo, watu wengi, hakuna ardhi ya kuchezea. Ng'ombe wetu wanakaa ndani wamefungwa, wewe mtoto ndiye unayewafuata na majani na maji. Samadi inakusanywa, inabebwa kichwani hadi shambani. Likizo yangu ilikuwa samadi. Naongea kwa fahari, kwa sababu shamba lile lile la babu wa babu yangu bado linazaa uwele. Atakayetaka mwanawe ajue udongo unatunzwaje, avuke maji.

Binti Sengerema
Mkara, hata kwetu tulibeba samadi.

Mkara Halisi
Mlibeba mkipenda. Sisi usipobeba huli.

Nyanda wa Majaruba
Nilikuwa nasoma kimya, ila kutajwa majaruba kumeniamsha. Nilikuwa darasa la nne. Majaruba ya babu yalikuwa upande ule mto Simiyu unapokaribia kuingia ziwani. Mchana kazi yetu watoto ni kuamia ndege, kweleakwelea: makopo yamefungwa kwenye kamba, kombeo mkononi, unapiga kelele hadi koo linakauka, kwa sababu kundi likitua mara moja mmekula hasara. Usiku ni zamu ya babu. Alilala kwenye dungu kuulinda mpunga na viboko. Mimi na binamu yangu tukaomba kulala naye. Bibi alikataa. Babu akakubali kwa sharti kwamba aliyepanda hateremki hadi kuche.

Usiku wa manane nikasikia mpunga unang'olewa. Kiboko anakula kwa midomo, anakata na kuvuta, na pumzi yake inasikika kama mtu mzima anayekoroma chini ya kitanda chako. Babu akaniziba mdomo kwa kiganja. Nikapapasa upande wa binamu, hayupo. Alikuwa ameteremka kujisaidia, na alikwenda upande wa mtoni.

Mliokulia ziwani mmeshaelewa. Sisi tuko huku, kiboko katikati, mtoto yuko kati ya kiboko na maji yake. Akishtuka anakimbilia majini, na chochote kilichosimama njiani anakivunja.

Babu hakupiga debe. Angepiga, yule mnyama angekwenda moja kwa moja alipo mtoto. Akaanza kuimba. Wimbo wa kulimia, sauti ya chini, taratibu, kwa Kisukuma, na ndani yake anapachika maneno yake: lala, usisimame, usikimbie, tambaa na tuta, mkono wa kulia, mkono wa kulia. Kiboko akainua kichwa, masikio yanazunguka. Babu hakubadilisha sauti. Akarudia ubeti. Kiboko akarudi kula. Binamu alikuwa amelala ndani ya maji ya jaruba anatambaa kwa viwiko, na sisi hatumwoni, tunasikia tu maji.

Kisha mbwa wa dungu la jirani akabweka. Kiboko akatimka. Akapita chini yetu, bega likagonga nguzo, dungu zima likaenda upande. Mimi niliangukia mpunga. Babu aliangukia mkono wake ukavunjika. Hata hapo jambo la kwanza aliloita ni jina la binamu, na binamu akaitika kutoka tuta la pili.

Kulipokucha tukaona nyayo kwenye tope. Zilipita palepale alipokuwa amechuchumaa mwanzo. Babu tulimbeba kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi hospitali ya misheni, na njia nzima alikuwa anamuuliza binamu kama ameshakula.

Binti Sengerema
Mungu wangu. Nimesoma nimesimama.

Kijana wa Igoma
Huyo babu alipona mkono? Huyo ndiye mtu wa kumfundisha mtoto.

Nyanda wa Majaruba
Ulipona ila haukunyooka. Msimu uliofuata alilima.

Ngosha wa Misungwi
Kwa kiboko dawa ni moto. Washa kuni pembeni ya jaruba, hasogei.

Mkara Halisi
Moto gani? Kwetu wamezoea hadi taa za wavuvi. Panda mti.

Binti Sengerema
Mti katikati ya majaruba utautoa wapi, mkuu?

Mtu wa Kirumba
Kimbia kwa kukata kona.

Mzee wa Kisesa
Usikimbie. Kiboko anamshinda mtu mbio, na gizani utajikwaa kwenye tuta. Jambo kubwa ni lile alilosema Nyanda: usikae kati yake na maji, na usitembee kingoni usiku wala alfajiri. Mengine yote ni kubahatisha.

Mtu wa Kirumba
Basi watoto wafundishwe nyimbo za kulimia kabla ya safari, na mimi nianze leo.

Mama Kulwa Nyakato
Jamani mmenitisha. Shamba la huyu mzee liko mbali na ziwa, hakuna kiboko huko. Turudi kwenye kazi. Ila watoto wanataka siku moja kushuka mwaloni, wanakotia nanga wavuvi, kuona dagaa wanavyoanikwa. Kuna la kuangalia?

Muuguzi Mstaafu
Lipo, na kwangu ni kubwa kuliko kiboko. Kichocho. Watoto wasiingie majini, hata miguu tu, hasa penye maji ya kina kifupi na majani, maana konokono wanaobeba vimelea wanakaa hapo. Kimelea anapenya ngozi, mtoto hasikii. Baadaye ndiyo tumbo, damu kwenye choo, uchovu, na mzazi anasema ni minyoo. Kando ya ziwa letu kichocho cha tumbo kimejaa. Maji ya kuoga yachemshwe, au yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kabla ya kutumika. Aliyeingia majini apimwe baada ya wiki kadhaa, dawa ya prazikwanteli ipo na inaponya. Nimeuguza watoto waliovimba tumbo kwa jambo lililozuilika kwa ndoo moja ya maji, ndiyo maana nasema kwa ukali.

La pili ni minyaa. Maboma mengi ya Usukuma yamezungushiwa uzio wa minyaa, na mtoto wa mjini akiona mti unaotoa maziwa anauvunja acheze. Utomvu ule ukiingia jichoni ni moto, unaweza kupofusha.

Ngosha wa Misungwi
Sisi tulikuwa tunakamuliwa maziwa ya mama mwenye mtoto mchanga, na tulipona.

Muuguzi Mstaafu
Maji safi mengi, papo hapo, kwa muda mrefu, kisha hospitali. Maziwa mwacheni mtoto mchanga anyonye.

Mkara Halisi
Kuhusu dagaa, mama, angalia mwezi. Wanavuliwa kwenye giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, mtakuta chanja tupu.

Binti Sengerema
Mimi nasubiri michembe. Mwambie bibi wa huko viazi vikishachimbwa viachwe vinyauke siku chache kabla ya kumenywa, ndipo utamu unapanda.

Ngosha wa Misungwi
Hapana. Vinamenywa siku hiyo hiyo, vinakatwa, vinaanikwa juu ya mawe. Vikinyauka vinakuwa vigumu kwa kisu cha mtoto.

Binti Sengerema
Kwenu mlikuwa na haraka. Kwetu vilinyaushwa, na ukivipika na karanga hutafuti sukari.

Mzee wa Kisesa
Mke wangu anasema vinyauke. Mama yangu alikuwa anasema visinyauke. Nimekula ya wote wawili.

Kijana wa Igoma
Mama Kulwa, swali la mwisho. Mtoto anaruhusiwa kuondoka na alichokikata? Michembe aliyoianika mwenyewe anapewa mfuko wake?

Mama Kulwa Nyakato
Anapewa. Desemba hatukuvuna, lakini mzee alisema atakayerudi Juni atachukua sehemu ya viazi vya tuta alilopanda. Tuta la wanangu lina kijiti chenye kitambaa chekundu.

Kijana wa Igoma
Hapo sawa. Hilo ndilo nililokosa mimi. Nitumie maelekezo ya njia kwa ujumbe binafsi, nina mpwa wa darasa la tano.

Ngosha wa Misungwi
Mpwa akifika apewe zamu ya kulinda michembe juani. Mbuzi wa Magu hawana adabu.