Mrejesho: redio sasa naisikia

Ahsanteni jamaa. Niliuliza kwa nini kwenye gemu ya kurusha ndege, nikitoka uwanja wa Manda, Lamu, kwenda Malindi na ndege ndogo ya Cessna Caravan, mlio wa injini unaimeza sauti ya mwongoza ndege redioni. Aliyesema nisiguse sauti kuu, nipunguze injini peke yake, ndiye aliyelenga. Sauti ya injini nimeishusha hadi 40, upepo 30, redio nikaiacha 100. Kisha redio nikaihamishia kwenye hedifoni, injini ikabaki kwenye spika. Hapo ndipo penye utamu: PT6, injini ya Caravan, inavuma mezani, maelekezo yako sikioni. Usiku Lamu ikitulia nazima spika, majirani wasije mlangoni. Kadi mpya ya sauti sikununua, gharama ya bure. Lakini king'ora kinachoonya ndege ikienda polepole mno nacho sauti yake imeshuka pamoja na injini. Kinarekebishwa wapi?